Nani Anayemjaribu Mungu Barabarani?

Mwaka 2024 mashindano ya Safari Rally yalirudishwa wakati wa Pasaka. Magari yalianza kukimbia Nairobi siku ya Alhamisi Kuu, tarehe 28 Machi. Ijumaa Kuu, saa ambayo sisi Wakatoliki tumefunga na altare imevuliwa nguo, yalikuwa yakitimua vumbi pembezoni mwa Ziwa Naivasha. Jumapili ya Ufufuko, Mfini Kalle Rovanperä akamaliza wa kwanza huko Hell's Gate, yaani Lango la Kuzimu. Paroko mmoja rafiki yangu alisema afadhali yangeishia huko Jumamosi usiku, maana kwa mujibu wa Nasadiki, Bwana mwenyewe siku hiyo alikuwa kuzimu.

Swali lililoniletea mawazo haya liliulizwa hapa Tabaka, Gusii, na kijana wa darasa la kipaimara. "Katekista," aliniuliza, "mtu anayekimbiza gari namna ile kwa ajili ya kombe, akifa, si amejiua?" Lilikuwa swali zito kuliko la wazee wetu kanisani, ambao kilichowaudhi kilikuwa tarehe tu. Mimi tarehe hainikoseshi usingizi. Safari ya kwanza ya mwaka 1953 iliandaliwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Baadaye ikahamia Pasaka ikakaa huko miaka mingi, hata utotoni mwangu siku hizo zilikuwa na sauti mbili: kengele ya misheni, na Sauti ya Kenya ikitaja Datsun na Peugeot. Jirani yangu, mwalimu mstaafu na Msabato wa kuzaliwa, ana kilio chake. "Nyinyi mnalalamikia Ijumaa," huniambia, "na Jumamosi je?" Hapa Gusii Wasabato ni wengi, kwa hiyo simjibu.

Mimi nilikuwa mchongaji kabla sijawa katekista. Katika Kwaresima ile duka moja la Nairobi liliniagiza magari ya Safari ya mawe, ya kuwauzia wageni. Basi nikawa nachonga misalaba asubuhi na magari mchana, kwa panga lilelile na kisu kilekile. Gari ni kazi ngumu kuliko msalaba. Jiwe letu ni laini, ukucha unaweza kulikwaruza, lakini lina mishipa, na ukichimba nafasi ya gurudumu bila kuusoma mshipa, kona ya mbele inabanduka yote. Mke wangu ndiye huosha na kusugua kwa msasa ndani ya karai la maji, mpaka waridi la jiwe litokeze. Yeye alikuwa na maoni mafupi juu ya jambo zima: magari yalilipa vizuri kuliko misalaba.

Nikiwa kwenye kazi hiyo nilipata nafasi ya kumfikiria yule dereva wa swali la kijana, na nikaanza na wale niliowajua kwa redio. Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932, si mbali na kwetu, akawa fundi wa magari kabla ya kuwa dereva. Mwaka 1965, yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika. Akarudia mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Shekhar Mehta alishinda mara tano, na nne kati ya hizo zilifuatana, 1979 hadi 1982. Sisi watoto wa machimboni tulichonga magari yetu kwa vipande vilivyotupwa, tukagombania nani awe Mehta.

Sifa ya watu hao haikuwa mwendo peke yake. Mwaka 1963 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu, na mwaka 1968 yakawa saba tena, na mara zote mbili ushindi ulikuwa wa Nick Nowicki na Paddy Cliff wakiwa na Peugeot 404. Katika tope na mito iliyofurika, anayejirusha ovyo hafiki. Aliyefika ni yule aliyejua lini aachie mafuta, aliyekagua springi na matairi usiku, aliyekuwa na msaidizi pembeni anayemsomea barabara kona kwa kona.

Injili inasimulia kwamba Shetani alimweka Yesu juu ya kinara cha hekalu akamwambia ajitupe chini, malaika watamdaka. Yesu alikataa: usimjaribu Bwana Mungu wako. Mtakatifu Thomas wa Akwino aliandika juu ya jambo hilo la kumjaribu Mungu: ni pale mtu anapoingia hatarini bila haja, akiwa ameacha kufanya lililo katika uwezo wake, ili aone kama Mungu atamwokoa. Ukimpima dereva wa leo kwa kipimo hicho, unamkuta amefungwa mikanda begani na kiunoni, amevaa helmeti na nguo zisizoshika moto, amezungukwa na fremu ya chuma, ameipita njia ile polepole siku za nyuma akiandika noti zake, na daktari anasubiri. Hajamwachia Mungu kazi yake mwenyewe. Unaweza kusema mchezo wake ni wa bure, ni ghali, ni majivuno. Hayo tutajadiliana. Lakini kinarani hayuko.

Hapo ndipo nilipotaka kumjibu yule kijana na kufunga kitabu. Kilichonizuia ni Safari ileile niliyoipenda utotoni. Wakati ule barabara hazikufungwa. Magari ya mashindano yalipita katikati ya mabasi, ng'ombe, baiskeli na akina mama wanaotoka sokoni, na timu tajiri zilitanguliza helikopta angani kumwonya dereva juu ya kilicho mbele. Dereva alikuwa amekubali hatari yake, akaweka sahihi. Mama mwenye kikapu cha ndizi hakuwa ameulizwa. Siku hizi njia inafungwa na watazamaji wanazuiwa, na mashabiki wazee hulalamika kwamba Safari imekuwa laini. Mimi nasema imekuwa ya haki zaidi, ingawa naikumbuka ile ya zamani kwa moyo wangu wote.

Italia walijifunza hayo kwa damu. Mwaka 1957, katika mbio za Mille Miglia zilizokimbiwa kwenye barabara za kawaida, tairi la Ferrari ya Alfonso de Portago lilipasuka karibu na kijiji cha Guidizzolo. Akafa yeye, akafa msaidizi wake Edmund Nelson, wakafa watazamaji tisa, watano kati yao watoto. Mbio hizo za barabarani zikakomeshwa. Mwaka uliofuata, baada ya dereva mwingine wa Ferrari, Luigi Musso, kufa Ufaransa, gazeti la Vatikani, L'Osservatore Romano, lilimfananisha Enzo Ferrari, mwenye timu hiyo, na Saturni, mungu wa Warumi aliyewala wanawe. Mahakama ilimwondolea Ferrari lawama za ajali ya 1957, na mimi siwezi kuifungua kesi hiyo upya hapa Tabaka. Ninachotaka ukione ni mahali gazeti lile lilipoelekeza kidole: halikumgusa aliyeshika usukani, lilimgusa aliyemtuma.

Sasa nirudi kwetu, kwa sababu Ijumaa Kuu ileile sisi nasi tulikuwa barabarani.

Njia ya Msalaba huwa tunaifanya kwenye barabara ya udongo inayotumiwa na malori ya mawe. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Tulikuwa kituo cha saba, Yesu anaanguka mara ya pili. Akina mama walikuwa wamepiga magoti kwenye majani, watoto wakiwa katikati kwa kuwa katikati ndiko kulikokauka kidogo. Honi ikalia nyuma yetu. Canter iliyojaa mawe ilikuwa inateremka kilima, na injini ilikuwa kimya mno kwa gari lenye mzigo ule: dereva alikuwa ametoa gia ili literemke lenyewe, mtindo wa kuokoa mafuta. Sasa alikuwa anakanyaga breki na breki hazipo.

Utingo aliruka kutoka juu ya mawe alikokuwa amekaa. Kijana mwembamba, miguu mitupu, gogo mkononi. Alikimbia sambamba na gurudumu la nyuma akalisukumia gogo mbele yake. Gurudumu likalipanda gogo, likaliruka, likaendelea. Akaliokota, akarudia. Safari hii gogo lilishika, mkia wa gari ukazunguka ukaingia kwenye ukingo wa barabara, na lori likasimama likiwa limeinama, jiwe moja kubwa kama gunia la sukari likadondoka pale ambapo mtoto mmoja alikuwa amesimama kabla mama yake hajamvuta. Utingo alikuwa ameshika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto. Vidole viwili vilikuwa vimesagika.

Watu wakapaza sauti: Mungu ni mwema. Nami nilimshukuru, na bado namshukuru. Halafu nikayatazama matairi. Yalikuwa kipara kabisa, na moja lilikuwa linaonyesha nyuzi. Nikamuuliza dereva, ambaye alikuwa anatetemeka hata hawezi kuwasha simu. "Tajiri alisema tutabadilisha baada ya Pasaka," akanijibu. Mzigo ulitakiwa uondoke siku hiyo, mnunuzi alikuwa anasubiri.

Nimeligeuza jibu hilo kichwani mara nyingi. Lile gari la mashindano Naivasha lilibadilishiwa matairi siku ileile. Mtu aliyekimbia kwa starehe alikuwa amekingwa kuliko mtu aliyekimbia kwa ajili ya unga wa watoto. Ukimwuliza utingo kama alikubali hatari ile, atakuambia alikubali, kwa sababu asingekubali angepanda mwingine. Hiyo si hiari ya Joginder. Na wale watoto wa kituo cha saba hawakukubali chochote.

Kwa hiyo anayemjaribu Mungu nimemwona, na hakuwa barabarani. Alikuwa nyumbani kwake akisubiri simu. Aliyekuwa juu ya kinara ni utingo, na mwenye gari ndiye aliyesema ruka, malaika watakudaka. 

Tunamsaidia mtu huyo kwa maneno yetu. Ajali haina kinga, tunasema, na kwenye mazishi tunaongeza kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Nimesimama kwenye makaburi mengi nikisikia maneno hayo yakitamkwa kwa nia njema, na kila mara mwenye gari akiwa mstari wa mbele, amevaa suti, ametoa mchango mkubwa wa jeneza. Lakini ajali ina kinga, na Kenya inajua. Februari 2004 kanuni za John Michuki zilipoanza kutekelezwa, matatu zikatiwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na mikanda ya abiria, na nchi nzima ikashangaa kuona utaratibu unawezekana. Hata wanaocheza na malori wanajua. Marekani kuna mashindano yaliyoanzishwa na Robby Gordon mwaka 2013, ambapo magari makubwa ya jangwani huletwa kwenye barabara za mijini na kurushwa hewani kwa vilima vya chuma. Ukiyaona utadhani ni wazimu mtupu, au utadhani ni barabara yetu mwezi wa nne. Mwaka 2018 magari hayo yalipochomoka magurudumu huko Perth, wasimamizi wa mbio wa Australia waliyasimamisha. Hakuna aliyesema ni mapenzi ya Mungu. Walitaka kujua habari za magurudumu.

Hospitali yetu ya misheni, ambako vidole vya utingo vilishughulikiwa, imehudumiwa na mapadri wa shirika la Mtakatifu Kamilo de Lellis. Watu wachache hapa wanajua kwamba Kamilo alikuwa askari mcheza kamari, aliyecheza mpaka akafilisika kabisa kabla hajaongoka na kuanza kuwauguza wagonjwa wa Roma. Kanisa lilimfanya mtakatifu na halikuificha kamari yake. Alichokiweka mezani kilikuwa chake. Sijui mtakatifu yeyote ambaye wasifu wake unasema alicheza kamari kwa vidole vya kijana wa watu.

Yule kijana wa kipaimara alirudi wiki iliyofuata kudai jibu lake. Nilimwambia hapana, dereva wa Safari akifa hajajiua, na tumwombee kama marehemu mwingine. Nikamwambia pia, mradi njia imefungwa na anayekufa ni yeye aliyeamua. Akauliza kuhusu lori la kituo cha saba. Nikamwambia lile ni la amri ya tano, usiue, na kosa haliko kwa dereva peke yake.

Kwenu makatekista na wazee wa kanisa, wa kwetu na wa Wasabato: mkiitwa kuzika mtu aliyeuawa na gari bovu, kabla ya kufungua kinywa ulizeni matairi yalikuwaje na ni jina la nani lililo kwenye kitabu cha gari. Na wewe mwenye lori unayesoma haya, mvua za masika zikianza, badilisha matairi kabla ya Pasaka.