Kioo Kilichovunjika Hakitupwi

Somo: Yeremia 18:1–6; Yeremia 19:10–11; Wagalatia 6:1

 

Wengi wenu mnajua kuna kikundi kimoja cha akiba hapa kwetu ambacho mwaka jana kilifungua sanduku na kukuta shilingi 86,000 hazipo. Aliyekuwa mweka hazina ni ndugu yetu. Alizitumia. Alianza kwa kuchukua kidogo alipie mtoto karo, akijiambia bonasi ya chai ikitoka atarudisha. Bonasi ikatoka ndogo, akachukua tena ili azibe pengo la kwanza. Ninayasema haya kwa ruhusa yake. Tena ni yeye aliyeniomba niyaseme.

Lakini leo toba inaanza na mimi. Wazee wa kanisa walipoketi, waliniuliza maoni kwa sababu nilisomea biashara. Nikajibu kama mtu wa vitabu vya hesabu: kuna deni ambalo ukiona halilipiki, unalifuta, unaandika hasara, unaendelea. Nikasema, "Huyu tumwandike hasara." Nilijifanya nazungumzia pesa. Kila mtu mle ndani alijua nazungumzia mtu, na mimi nilijua. Ndugu huyo akasikia. Akakaa miezi mitano bila kukanyaga hapa.

Baadaye nikapitia Kitengela, kusini mwa Nairobi, pale msanii Nani Croze alipoanzisha karakana ya kioo. Wanachukua vioo vya dirisha na chupa zilizokwisha kazi, wanaviyeyusha, wanatengeneza vyombo, vioo vya rangi na shanga. Nikasimama mbele ya rundo la vigae. Mahali pengine pote rundo lile lingeitwa takataka. Pale linaitwa mali ghafi.

Sisi watu wa Gusii tunajua kitu kinachovunjika. Nenda Tabaka. Mchongaji anachonga kiboko cha jiwe la sabuni, mguu ukikatika, hawezi kuurudisha. Anafanya nini? Anapunguza. Kiboko kinakuwa kisahani, au kitu kingine kidogo. Jiwe linaokolewa, lakini linabaki dogo kuliko lilivyokuwa.

Sasa angalia Yeremia. Katika sura ya 18, chombo kinaharibika mikononi mwa mfinyanzi, naye anakifinyanga upya, kwa sababu udongo bado ni mbichi. Tunaipenda sana sura hiyo. Ila fungua ukurasa unaofuata, sura ya 19. Hapo nabii anaambiwa avunje gudulia lililokwisha chomwa, na Bwana anasema halitengenezeki tena. Na ni kweli, chungu kilichoungua kikivunjika hakirudi kuwa udongo. Ndugu, mimi nilimhubiria mtu sura ya 19 kabla Bwana hajaisema juu yake.

Kioo si jiwe, wala si chungu. Kioo kilishapita motoni, kikawa kigumu, kikavunjika, na bado kikirudishwa motoni kinalainika. Watu wa zamani walilijua jambo hili. Karibu miaka elfu moja iliyopita, huko kusini mwa Afrika karibu na mto Limpopo, watu walichukua shanga ndogo zilizoletwa na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, wakaziyeyusha kwenye kalibu za udongo, zikawa shanga kubwa. Wakrobo wa Ghana wanafanya hivyo hadi leo. Wanatwanga chupa kwenye kinu, wanajaza unga ule kwenye kalibu, katikati wanachomeka kijiti cha jani la muhogo, wanaingiza tanurini. Kijiti kinaungua. Pale kilipokuwa, panabaki tundu la kupitisha uzi.

Nataka uchukue mambo matatu nyumbani.

La kwanza, bila moto hakuna shanga. Ukiunganisha vigae kwa gundi, ufa unabaki pale pale. Neema si gundi ya kuficha ufa. Ndugu yetu alikuja ofisini Jumatano moja jioni na daftari. Ameandika kila shilingi aliyochukua, tarehe na jina la mwenye pesa. Akaweka mezani shilingi 4,000 alizopata akiuza ndizi Daraja Mbili. Akasema, "Pasta, nianzie hapa." Zakayo alipompokea Yesu, Luka 19, hakuomba deni lifutwe, alitaja atakachorudisha. Huo ndio moto. Toba isiyogusa mfuko bado haijafika kwenye joto.

La pili, kioo kikitoka motoni kinapozwa polepole. Hili lilinishangaza. Ukikitoa kwa haraka kwenye baridi, nje kinapoa kabla ya ndani, kinapasuka tena, wakati mwingine hata baada ya kuonekana kizima. Ndiyo maana kinaachwa ndani ya tanuri joto lishuke kidogo kidogo. Kanisa, sikieni. Kusamehe kunaweza kuwa leo. Kuaminiwa na sanduku kunachukua muda, na hiyo si chuki. Paulo alimwonya Timotheo asimwekee mtu mikono kwa haraka. Ndugu yetu mwenyewe amesema hataki kushika pesa ya mtu. Tusimsukume kwenye baridi kwa kumnyanyapaa, na tusimpasue kwa kumpa cheo Jumapili ijayo ili tuonekane tuna upendo. Wagalatia 6:1 inataka tumrejeze kwa upole, huku kila mmoja akijichunga.

La tatu, shanga moja si mkufu. Inahitaji uzi na shanga wenzake. Na tundu la uzi, kumbuka, lilipatikana kwa kitu kilichoungua. Kwake yeye kimeungua kiburi cha mweka hazina. Kwangu mimi kimeungua kiburi cha shahada. Labda ndiyo maana sasa tunaweza kukaa uzi mmoja.

Kuna mama hapa ambaye pesa yake ya mabati ilikuwa kwenye sanduku lile. Mvua bado inamnyeshea. Mama, sitakuambia usiumie. Sitakuambia useme haidhuru. Deni lako limeandikwa, na wazee watalifuatilia kila mwezi mpaka liishe. Ninachokuomba ni kimoja: siku utakapoweza, usimuite hasara. Neno hilo lilikuwa langu, na nimelifuta.

Jumapili ijayo ndugu yetu atakuwa kwenye ibada ya pili. Ataketi nyuma. Usimgeukie ukanong'ona. Msalimie kama unavyosalimia wengine, kisha usogee umpe nafasi kwenye benchi.

Na wewe unayesoma gazeti hili nyumbani, Keroka au Nyamira, uliyeacha kuja kwa sababu kuna jambo lilivunjika, nakuambia njoo. Njoo na vigae vyote, usiache hata kimoja njiani.

Tuombe. Baba, wewe hukutuandika hasara. Tupeleke motoni, tupoze polepole, utupitishe uzi mmoja. Katika jina la Yesu, Amina.