Nitumie Lokesheni

Mwaka juzi niling'oa makangaga kwenye mwamba ulio nyuma ya maporomoko madogo, chini ya shamba la shosho. Sikuona kama ni wizi. Mwamba ni wa nani? Niliyafunga kwa gazeti bichi, nikayabeba mapajani hadi Nairobi, nikayapanda ndani ya mtungi wa kioo kando ya dirisha la bedsita yangu. Wiki ya tatu yalikuwa yamejikunja kama karatasi iliyopitiwa na moto. Picha niliyoyapiga kabla hayajafa ndiyo iliyowahi kunipa laiki nyingi zaidi.

Sasa rafiki yangu wa chuo ameiona. Siku hizi anapeleka watu matembezi ya wikendi, wanamlipa, na hiyo ndiyo kodi yake ya nyumba. Akaniandikia: "Sista, hapo ni wapi? Nitumie lokesheni."

Sijamjibu. Badala yake nimekuwa nikisoma kuhusu kangaga la Killarney, huko Ireland. Usicheke, kila mtu ana njia yake ya kukwepa meseji.

Kangaga hili humea kwenye nyufa za miamba, penye kivuli kizito na maji yanayotiririka au kurusha matone mwaka mzima. Jani lake, ukitoa mishipa, lina unene wa seli moja tu. Mwanga unapita kama kwenye nailoni ya kijani. Halina vile vitundu vya kupumulia ambavyo mimea mingine huvifunga jua likiwaka, kwa hiyo hewa ikikauka, nalo linakauka. Mwamba wenye unyevu ndio ngozi yake. Ukilitoa hapo umelichuna.

Katikati ya karne ya 19 Waingereza walipagawa na makangaga. Mwandishi Charles Kingsley aliupa ugonjwa huo jina mwaka 1855: pteridomania. Daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, alikuwa tayari amegundua kwamba mmea ukifungiwa ndani ya kioo huishi hata katika moshi wa jiji, na makasha yake yakawa fahari ya sebule. (Mtungi wangu, kumbe, si ubunifu wangu.) La Killarney lilisakwa kuliko mengi kwa sababu lilikuwa zuri na adimu. Lilipozidi kuwa adimu, lilisakwa zaidi. Nusura liishe. Waliolimaliza si watu waliolichukia. Walikuwa wanalijua kwa jina, wanalichora, wanalinyunyizia maji. Mimi pia yangu niliyanyunyizia.

Leo sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 inalilinda, na wataalamu wanaojua linapomea hawapatangazi.

Hapo ndipo ninapokwama. Kunyamaza kunalinda, sawa. Lakini kwetu hapa kila aliyewahi kufunga msitu alisema anaulinda, kisha wenyeji wakabaki nje ya uzio huku wengine wakiingia na kamera. Siri ina wenyewe. Nikimnyima rafiki yangu lokesheni, nimeamua kwamba macho yangu yanastahili kuona na ya wateja wake hayastahili. Na tena kodi yake itatoka wapi? Kangaga halina landilodi.

Kuna jambo jingine kuhusu hili la Killarney linaloniumiza kichwa. Kangaga lolote huishi maisha mawili. Spora ikianguka haioti jani, inaota kwanza kijimmea kidogo kiitwacho gametofiti, na humo ndimo kangaga tunalolijua huzaliwa. Kwa mengi hatua hiyo ni ya kupita tu. Kwa hili, kijimmea ni nyuzi za kijani kama sufi iliyosongamana ndani ya pango, penye giza ambalo mimea mingi isingelivumilia. Kinaweza kujizalisha chenyewe kwa kumegeka vipande, bila kuwahi kutoa jani. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 hakuna aliyejua kwamba kimeenea hivyo Uingereza. Kimeonekana hata Ucheki, mbali na bahari, ambako kangaga kamili halipo kabisa. Wawindaji wa enzi ile wangeipita sufi hiyo bila hata kugeuza shingo. Nani angeweka ukungu sebuleni?

Kwa hiyo upande mmoja ulipendwa ukakaribia kufa, na ule usio na mvuto ukaachwa ukaishi. Najua mmea haukupanga hivyo. Lakini nikiutazama mwamba wa shosho kichwani, nauliza: mimi nilipapenda pale, au nilipenda kuonekana napapenda?

Jana usiku rafiki yangu akaandika tena: "Unaogopa wataharibu? Kwani wewe uling'oa mangapi?"

Nilikaa na simu mkononi hadi skrini ikazima. Kisha nikaiwasha, nikaandika: "Matatu."


Ameona. Bado hajajibu.