Mnunuzi naye ana mizani yake

Ndugu msomaji, mimi ni katika wale wanaume wanaokwenda sokoni. Kila Jumamosi, baada ya Sala ya Alfajiri na kikombe cha chai ya rangi, mama watoto hunikabidhi karatasi yenye mahitaji ya wiki, nami huchukua kikapu changu na kwenda kusubiri daladala. Wenzangu wa barazani hunicheka kwa jambo hili. Huwajibu kuwa waliostaajabu kumuona Mtume (s.a.w.) anakula chakula na kutembea masokoni walikuwa ni makafiri wa Makka, kama inavyoelezwa katika Suratul Furqaan (25:7), na kwamba mimi sitaki kuwa upande wao.

Hata hivyo sitaficha kwamba soko linachosha. Yeyote anayenunua mahitaji ya nyumbani katika jiji hili la Dar es Salaam anazijua kero ninazozisema.

Kuna kero ya chenji. Unaingia dukani kununua kitu cha shilingi 900, unatoa shilingi 1,000, na mwenye duka anakusukumia pipi mbili bila hata kukutazama usoni. Hukuomba pipi, hujala pipi tangu utotoni, lakini ndiyo umeshauziwa. Mwenyezi Mungu ametuagiza kuwa mali zetu tuzichukuliane kwa biashara ya kuridhiana (4:29), na katika pipi zile mimi sikuulizwa kama nimeridhia. Siku moja nilizikusanya pipi za wiki kadhaa nikampelekea yule yule mwenye duka, nikamwambia anipe kiberiti. Alinitazama kama mtu niliyepatwa na wazimu. Pipi zilikuwa fedha zinapotoka kwake kuja kwangu tu, si zinapotoka kwangu kwenda kwake.

Kuna kero ya fungu. Nyanya zimepangwa mfano wa mnara, nyekundu, zinang'aa. Unaafiki bei. Muuzaji haligusi lile fungu ulilolichagua, anachota nyingine nyuma ya meza na kuzitia kwenye mfuko haraka haraka, nawe unakuja kuzigundua nyumbani, mama watoto akizimimina kwenye sinia na kukuuliza kama ulikwenda sokoni na macho yako.

Kuna kero ya vipimo. Kopo la mchele limebonyezwa kitako kikapanda juu. Mizani inaonyesha gramu kadhaa kabla hakijawekwa kitu. Muuza nyama anaitupia nyama kwenye mizani kwa kishindo, mshale unaruka, na kabla haujatulia ameshaiondoa na kuifunga gazeti. Ukisema, unaambiwa, "Shehe, wewe mbona mgumu?"

Basi kwa miaka mingi nimekuwa nikirudi nyumbani na kikapu pamoja na malalamiko. Nilikuwa na aya yangu niliyoipenda kwa shughuli hiyo, nayo ni ya mwanzo wa Suratul Mutaffifin, inayowaonya wapunjaji wa vipimo. Niliisoma kwa watoto, niliisoma barazani, na kila nilipoisoma nilikuwa nikimuona muuza nyama.

Sasa naomba nieleze jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani.

Jumamosi moja nilinunua bamia na ndimu kwa mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akitandika gunia chini, pembezoni mwa soko, mahali ambapo jua likishapanda halina huruma. Fungu la bamia lilikuwa shilingi 500. Nikamwambia anipe mafungu matatu kwa shilingi 1,000. Akasema, "Baba, hapo sipati kitu." Nikafanya kama ninaondoka. Akaniita, akanipa. Nikaongeza ndimu za shilingi 500. Nikampa noti ya 5,000, akahangaika kutafuta chenji kwa jirani zake, akarudi, akanihesabia, nikatia mfukoni.

Nilipokaa kwenye daladala nikazitoa kuzihesabu. Nilistahiki kurudishiwa shilingi 3,500. Mkononi nilikuwa na shilingi 8,500. Bila shaka alidhani nimempa noti ya 10,000.

Msomaji wangu, ile daladala ilikuwa haijaondoka. Konda alikuwa bado anaita abiria. Kutoka pale hadi kwenye gunia la yule mama ni mwendo wa dakika tatu. Nami sikushuka. Nilikaa, na nafsi yangu ikaanza kunihutubia kwa ufasaha ambao sikujua kuwa inao. Iliniambia kuwa nitapoteza kiti. Iliniambia kuwa Jumamosi ijayo nitamrudishia. Kisha ikaniambia neno ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya: kwamba nikijumlisha pipi zote nilizopewa, nyanya zote mbovu na nyama yote niliyopunjwa, soko hili linanidai mimi au mimi ndiye ninayelidai? Daladala ikaondoka.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na shilingi 5,000 zimekunjwa peke yake. Gunia halikuwepo. Nikamuuliza dada anayeuza nazi pale jirani. Akasema, "Mama amekwenda kwao Mkuranga, miguu inamsumbua." Nikauliza atarudi lini. Akasema hajui, maana hata mtaji ulikuwa umeshamyumbia. Sikuthubutu kuuliza uliyumba lini, na kwa sababu gani.

Huenda fedha ile haikuhusika kabisa. Na huenda ilihusika. Mtu anayeuza bamia za shilingi 500 huenda shilingi 5,000 ndiyo faida yake ya siku nzima, na pengine ni faida na sehemu ya mtaji kwa pamoja. Sina namna ya kujua, na kutokujua kwenyewe ni adhabu.

Nikarudi kwenye ile aya yangu niliyoipenda. Wapunjaji wanaelezwa pale kwa sifa mbili, na kwa miaka yote hiyo mimi nilikuwa nimeiona moja. Ya pili ndiyo niliyokuwa nikiisoma kwa sauti, kwamba wanapowapimia watu hupunguza. Lakini ya kwanza, inayotangulia, ni kwamba wao wanapojipimia kutoka kwa watu hutaka wakamilishiwe. Aya inaanza na mtu anayepokea! Kutaka haki yako itimie si kosa. Kosa ni kuwa na vipimo viwili, cha kupokelea na cha kutolea. Mwenye duka wa pipi alikuwa na vipimo viwili. Nami niliyesimama mbele ya mizani nikidai gramu zangu, kisha nikakaa kwenye daladala na shilingi 5,000 za mwanamke mwenye miguu mibovu, nilikuwa na vipimo vingapi?

Atakayedhani kuwa ninaipa aya hii maana ya mbali na alitazame suala la lumbesa. Mlanguzi anafika shambani na gunia, analijaza viazi au vitunguu, kisha analishonea kilemba juu yake, na yote hayo analinunua kwa bei ya gunia moja. Akifika mjini anauza kwa kilo. Anapopokea anataka gunia lifurike, anapotoa anahesabu gramu. Ni ile ile sura ya wapunjaji, na hapa mpunjaji mkubwa ni mnunuzi. Serikali inayo Sheria ya Vipimo, na tangu mwaka 2002 tunao Wakala wa Vipimo, ambao miaka nenda rudi umekuwa ukihimiza kuwa mazao yauzwe kwa mizani na gunia lisizidi kilo 100. Pamoja na hayo lumbesa tungali tunaisikia, kwa kuwa kila mmoja kwenye mnyororo ule anajiambia maneno yale yale niliyojiambia mimi: nami nimepunjwa. Mkulima amepunjwa, basi anatia machanga chini ya tenga. Muuzaji wa rejareja amenunua tenga ambalo hakuruhusiwa kuliona chini, basi nyanya mbovu anazipeleka kwangu. Nami nimepewa nyanya mbovu, basi nimemuona mama wa bamia. Dhuluma inashuka ngazi kwa ngazi mpaka imkute asiye na wa kumshushia.

Hapa ndipo ninapoliona kosa la hoja ya nafsi yangu. Nafsi ilisema "soko" linanidai au ninalidai. Lakini soko haliuzi bamia wala halina miguu inayouma. Aliyenipa pipi ni mtu mmoja, aliyenipunja nyama ni mwingine, na aliyenizidishia chenji ni wa tatu, asiyewajua hao wawili. Siku ya Kiyama hatutasimamishwa mbele ya soko. Kila mwenye haki atasimama kivyake, na haki ya mama wa bamia haiwezi kulipwa kwa kosa la muuza nyama. Kero za kila siku zina hatari hii, kwamba humzoesha mtu kujiona ni mwenye kudhulumiwa wakati wote, na mtu akishajiona hivyo haoni tena anapodhulumu.

Nimewasikia ndugu zangu wakisema kuwa kupatana bei ni halali, tena ni ada ya masoko yetu. Ni kweli. Wala siwaambii watu walipe kila wanachotajiwa. Lakini tuangalie Mtume (s.a.w.) alivyopatana. Katika safari moja alimuona Jabir bin Abdillah (r.a.) na ngamia wake aliyechoka, akataka amuuzie. Wakapatana bei, na Jabir akashurutisha ampande ngamia hadi wafike Madina. Walipofika, Mtume akamlipa bei yote, kisha akamrudishia na ngamia wake. Jabir huyo huyo ndiye aliyetupokelea, katika Sahihi ya Bukhari, kuwa Mtume alimuombea rehema ya Allah mtu aliye mwepesi anapouza, anaponunua na anapodai haki yake. Mnunuzi ametajwa pale pamoja na muuzaji.

Hebu tujiulize, ndugu zangu wa mjini, wepesi wetu tunaupeleka wapi? Tukiingia kwenye maduka makubwa yenye viyoyozi tunasoma bei kwenye karatasi, tunanyamaza, tunalipa, na tunashukuru. Hatumwambii mtu wa kaunta kuwa tunaondoka ili atuite. Ugumu wetu wote tunauhifadhi kwa aliyetandika gunia. Yule asiyeweza kuturudisha nyuma ndiye tunayemshindilia, na tukimshinda kwa shilingi 500 tunakwenda kusimulia nyumbani kuwa tumejua kununua.

Wala sisemi kuwa muuzaji aachwe. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono wake katika rundo la chakula sokoni, akakuta unyevu chini, akamuuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wauone, na akamtenga mdanganyifu na umma wake. Mwenye mizani mbovu akatazwe na ashitakiwe kwa wanaohusika. Kuvumilia dhuluma si wepesi unaosifiwa hapa. Ninachosema ni kwamba mkono unaoingia kwenye rundo la mwenzako uingie pia mfukoni mwako.

Ama kuhusu zile shilingi 5,000, wanazuoni wametufundisha kuwa toba ya haki ya mtu haikamiliki kwa istighfari peke yake, ni lazima haki imrudie mwenyewe. Asipopatikana, atafutwe. Akikosekana kabisa na tamaa ikakatika, itolewe sadaka kwa niaba yake. Baadhi ya marafiki niliowaeleza walinishauri nitoe sadaka nipumzike. Sijafanya hivyo, kwa sababu naijua nafsi yangu, inapenda njia fupi, na kwa sababu tamaa yangu haijakatika. Nimemwachia dada wa nazi namba yangu ya simu, na kila Jumamosi humuuliza. Ameshazoea. Akiniona tu kwa mbali anatikisa kichwa, kabla sijafika.

Noti ile ipo ndani ya karatasi, peke yake, na siichanganyi na fedha za matumizi. Juzi mwenye duka alinipa pipi mbili badala ya shilingi 100. Nilimwambia kwa upole kuwa sikuridhia, nikamuomba chenji yangu, akanitafutia akanipa. Nilipotoka nikaguswa na jambo moja: nilisubiri dakika tano nzima kwa ajili ya shilingi 100 zilizo zangu, na kwa shilingi 5,000 zisizo zangu sikuweza kutembea dakika tatu.

Tumuombe Allah (s.w.) atujaalie kipimo kimoja, tunapopokea na tunapotoa, na aturahisishie kuzifikisha haki za watu kwa wenyewe kabla hatujaondoka.

Wabillahi Tawfiq.