Kosa ni la Nani?

Majuma machache yaliyopita nyumbani kwetu palizuka mabishano juu ya televisheni. Ni ile ya zamani yenye chogo, tuliyoinunua tulipokuwa bado kazini. Picha yake ni safi hata leo, ila rimoti yake ilikanyagwa ikavunjika. Wengi wenu mwaijua shida inayofuata. Tangu mitambo ya zamani ya kurushia matangazo ilipoanza kuzimwa nchini, kwa kuanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, televisheni za namna hii zahitaji king'amuzi. Nasi king'amuzi chetu tumekiunga kwa waya za AV, lakini televisheni yenyewe haina kitufe cha AV. Inavyo vya sauti na vya kubadili stesheni tu. Basi kila umeme ukikatika na kurudi, inawaka kwenye namba 1, chenga tupu.

"Babu, hili limekwisha, tulitupe," alisema mjukuu wetu. Bibi yake akamjibu kwamba kitu kisichosikia hakijafa bado. Tukaenda mjini Tarime tukanunua rimoti ile iuzwayo kwa televisheni za kila aina, pamoja na karatasi yake ya namba iliyoandikwa kwa herufi ndogo kama mbegu za ulezi.

Tuliporudi tukaielekeza kwenye televisheni, tukabonyeza. Kimya. Tukabonyeza kwa nguvu zaidi. Tukasogea karibu, tukanyoosha mkono, tukakaza kidole mpaka kikauma. Kimya. Ndipo tukasema, kwa hasira, kwamba televisheni hii ni kiziwi.

Kesho yake tulimwita kijana fundi wa mtaani. Kwanza aliiweka rimoti mbele ya kamera ya simu yake, akabonyeza, nasi tukaona kwenye kioo cha simu nukta ya mwanga ikimetameta. Ni mwanga ambao jicho la mtu halioni. "Rimoti ni nzima, Mwalimu," alisema. "Betri ni nzuri. Inasema, ila inasema lugha isiyo ya televisheni hii. Usikaze kidole, haisikii nguvu."

Akatueleza kwamba mwanga ule hupigwapigwa upesi mno, na kwamba kila kiwanda kilijitungia mpangilio wake wa mapigo. Jambo hili lina historia. Mwaka 1955 Eugene Polley wa kampuni ya Zenith, huko Marekani, alitengeneza chombo cha kuongoza televisheni kwa mwali wa mwanga. Mwaka uliofuata mwenzake Robert Adler akaleta kingine kilichotumia sauti ambayo sikio la mtu halisikii. Baadaye mwanga huu usioonekana ukashika nafasi, na kila kiwanda kikaja na lugha yake. Rimoti ya kila televisheni ni kama mkalimani aliyebeba lugha nyingi mfukoni asijue mwenyeji wake anasema ipi.

Jina la televisheni yetu halikuwamo katika karatasi. Basi kijana akabonyeza SET mpaka taa nyekundu ikatulia, akaanza kubonyeza kitufe cha kuzimia, mara moja, akingoja, mara moja tena, akingoja. Alituonya kwamba mwenye haraka huipita lugha yenyewe bila kujua, akalazimika kuanza upya. Tulihesabu mara 60 na kitu, tukachoka kuhesabu. Kisha televisheni ikazimika yenyewe, puu! Nyumba nzima ikapiga makofi. Vitufe vingine havifanyi kazi hata sasa, lakini cha AV chafanya. Rimoti ilijua maneno machache tu ya yule mzee, nayo yametosha.

Usiku ule hatukutazama sana habari. Tulikuwa tukijiuliza swali moja: mtu akisema na mwenzake asielewe, kosa ni la nani?

Sisi tuliingia ualimu wakati nchi ilipohitaji walimu wengi upesi, mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipoanza katika miaka ya 1970. Chuoni tulifundishwa kutayarisha somo, kuandika ubaoni kwa mwandiko mzuri, na kushika zamu. Tukapangiwa darasa la kwanza katika kijiji cha huku kwetu. Masomo yalikuwa kwa Kiswahili, na watoto wengi walitoka nyumbani na Kikuria tu. Alikuwapo mtoto mmoja wa kiume, mpole. Tulimwuliza, akanyamaza. Tukauliza tena swali lile lile kwa sauti kubwa zaidi. Akanyamaza. Tukachukua fimbo. Katika kitabu chetu tuliandika kwamba ni mzito wa kuelewa. Alipofika darasa la tatu aliacha shule akaenda kuchunga.

Miaka mingi baadaye tulimwona mnadani akiuza ng'ombe. Alikuwa akipatana bei kwa Kikuria, kwa Kijaluo na kwa Kiswahili, akijumlisha na kutoa kichwani upesi kuliko sisi kwa kalamu. Alituona, akatusalimu kwa heshima, "Shikamoo, Mwalimu." Tukaitikia "Marahaba," tukapita. Mtoto yule hakuwa mzito hata kidogo. Ni sisi tuliokaza kidole juu ya kitufe kimoja.

Huenda mtu akasema: je, hakuna wanaosikia na kukataa kwa ukaidi? Wapo. Lakini ili mtu akatae jambo, sharti kwanza alielewe. Basi hatuna haki ya kumwita mwenzetu mkaidi kabla hatujajaribu lugha zote tulizo nazo, taratibu, tukingoja jibu baada ya kila moja. Mzigo wa kutafuta ni wa yule anayetaka kusikiwa. Siku ya Pentekoste wageni hawakuambiwa wajifunze kwanza lugha ya Wagalilaya. Kila mmoja alisikia kwa lugha ya kwao.

Hata hivyo, sisi wazee tusijifiche nyuma ya mfano huu. Televisheni haiwezi kujifunza. Ilivyotoka kiwandani ndivyo ilivyo. Mtu si televisheni. Kijana akijitahidi kutusemesha, nasi tukajibu kwamba sisi ni wa zamani na basi, huo si uzee, ni uvivu wa moyo. Yeye atafute lugha yetu, nasi tumsogelee nusu ya njia.

Yafaa kila mmoja ajiulize nyumbani mwake: ni nani ambaye nimemwita kiziwi, kumbe sikubadili kitufe? Yaweza kuwa ni mke, mkwe, mtoto aliyeacha kuja kanisani, au jirani wa upande wa pili wa mpaka wa shamba.

Kwa upande wetu, mnada unaofuata tutakwenda, ingawa hatuna ng'ombe wa kuuza. Tutamtafuta mtu yule, na tutamwomba radhi kwa Kikuria.