Deni la Kushtaki

Kwa ploti yetu hapa Longonot mimi huitwa Profesa. Si sifa. Nilikaa chuo kikuu miaka miwili na nusu, karo ikakatika, nikarudi nyumbani na laptopu na madeni. Tangu siku hiyo, mtu akiwa na barua ya kuandikwa, fomu ya basari ya mtoto au ujumbe wa benki usioeleweka, anabisha kwangu. Ndivyo jirani yangu alivyobisha jioni moja ya mwezi wa tatu, tumbo limeanza kuonekana, akaniuliza kama kuna kitu mtu anaweza kufanya.

Hadithi yake ni fupi. Alikuwa anafanya kwa maua, shamba silitaji. Mkataba wa miezi michache, unaisha, unapewa mwingine, na sasa ulikuwa mwaka wa tatu. Kabla ya Valentaini watu hufanya kazi hadi usiku kwa sababu waridi haingoji mtu. Sikukuu ikapita, mikataba ikaisha, orodha ya wanaorudi ikabandikwa getini. Wenzake wote wa laini moja walikuwa kwa orodha. Yeye hakuwa. Alipomuuliza supavaiza, alijibiwa kwa upole kabisa: "Wewe pumzika kwanza, mama. Mtoto akishakua utarudi."

Usiku huo nilisoma sheria kwa simu hadi betri ikaisha. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi, na ujauzito umetajwa humo wazi, pamoja na jinsia, kabila, afya, ulemavu, dini, hata mavazi. Sheria ya Ajira ya 2007, sehemu ya 5, inamlinda aliyeajiriwa na pia anayetafuta kuajiriwa. Kuna jambo pale lilinifanya nisimame: mfanyakazi akidai amebaguliwa, ni mwajiri anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba ubaguzi huo haukutokea. Sehemu ya 46 inasema kulalamika, au hata kukusudia kulalamika, si sababu halali ya kumfuta mtu. Malalamiko ya kufutwa kazi isivyo haki unaweza kuyapeleka kwa afisa wa leba ndani ya miezi 3. Mahakamani una miaka 3. Na tangu 2018 si lazima ufike Mahakama ya Ajira kule Nakuru. Kama mshahara wako hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi, kesi inaweza kusikilizwa na hakimu wa kawaida.

Nilihisi nimeshika kisu kwenye mpini. Nikaandika barua, kurasa mbili, Kiingereza safi. Asubuhi nikampelekea.

Aliisoma pole pole. Akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya Biblia. Akasema, "Asante, Profesa. Lakini siwezi."

Nikamuuliza kwa nini. Akanihesabia kwa vidole. Masupavaiza wa mashamba tofauti wanajuana. Dada yake mdogo bado yuko kwa shamba hilo hilo. Kodi ni tarehe tano. Na juu ya yote, hakufutwa. Mkataba uliisha tu, kama maziwa yanavyoisha dukani. Nani atathibitisha kwamba sababu ilikuwa tumbo?

Nilimwambia sheria inasema wao ndio wathibitishe. Akaniangalia vile unamwangalia mtoto anayesema akikua ataoa mwalimu wake.

Hapo ndipo nilipotoa hoja yangu kubwa. Ninaitaja kwa sababu najua wengi wenu mnaiamini, na mimi niliiamini kabisa. Nilimwambia: ukinyamaza, msimu ujao watamfanyia mwingine. Kimya chako ndicho kinawapa nguvu. Una deni kwa huyo anayekuja nyuma yako.

Hakujibu. Akaniomba nimsaidie kuinua mtungi wa maji.

Kuna mfano ambao nilikuwa nikiupenda. Umepanda matatu Nairobi kuja Naivasha, mmekubaliana mia tatu. Mkifika Rironi konda anasema ni mia nne. Abiria mmoja anakataa. Kelele zinaanza, na sisi wengine tunaangalia nje ya dirisha kana kwamba tunahesabu miti. Kufika Maai Mahiu, yule jamaa ameshushwa. Gari likiondoka ndipo kila mtu anapata sauti: "Lakini kusema ukweli alikuwa na haki." Nilikuwa nautumia mfano huu kuonyesha kwamba watu waoga ndio wanaharibu nchi. Sikuwahi kujiuliza, kwenye hadithi hii, jirani yangu ni nani na mimi ni nani.

Wiki moja baadaye nilifanya jambo ninaloliandikia haya yote. Niliandika uzi kwa X. Sikutaja jina. Sikutaja shamba. Niliandika tu kuhusu "mama mmoja wa Longonot", orodha getini, supavaiza mpole, mwezi wa tano wa ujauzito. Watu zaidi ya mia tisa waliusambaza. Kuna mtu aliniandikia kwamba mimi ni sauti ya wasio na sauti, nami nikaipiga hiyo skrinishoti nikaiweka.

Longonot ni ndogo. Unaweza kusimama barabarani ukauona mji wote na mlima nyuma yake. Siku ya tatu, yule dada mdogo aliitwa ofisini na kuulizwa, kwa upole ule ule, ni nani kwao anayependa mambo ya mtandao. Hakufutwa. Aliulizwa tu. Lakini wiki hiyo alikosa usingizi, na dada yake naye akakosa.

Nilifuta uzi. Jirani alipita mlangoni kwangu akiwa na ndoo, akasimama. "Ulipata laiki ngapi, Profesa?" Hakuongea nami tena kwa wiki sita.

Nilikuwa na muda wa kufikiria. Hoja yangu ilikuwa na kosa gani? Sehemu ya kwanza naona bado ni kweli: kimya kinamwacha mwingine aumie. Kutoka hapo inafuata kwamba ni lazima mtu aseme. Haifuati kwamba ni lazima *wewe* useme. Mimi niliruka kutoka kwa moja hadi nyingine bila kuonekana, kwa sababu kuruka kwenyewe kulinifaa. Deni lilitua kwake, na mimi nikabaki msomaji wa sheria.

Fikiria harambee. Nyumba ya mtu ikiungua, kijiji kinachanga. Hatumwambii aliyeunguliwa atoe mchango mkubwa kuliko wote eti kwa sababu yeye ndiye anayejua moto ni nini. Lakini kazini tunafanya hivyo hivyo. Aliyepoteza mshahara ndiye tunayemtaka apoteze pia jina, amani na nafasi ya kuajiriwa kesho, ili sisi wengine tupate mahali pazuri pa kufanyia kazi.

Kuna pingamizi hapa, na ni la haki. Mtu atasema: lakini yeye peke yake ndiye mwenye ushahidi. Kama ni mimi tu niliyeona namba ya gari lililogonga mtu na kutoroka, nina wajibu wa kusema, ingawa sikuendesha. Ni kweli. Anayejua kitu ana deni fulani. Lakini deni hilo hupimwa na bei ya kulilipa. Asiyejua kuogelea hana wajibu wa kuruka Ziwa Naivasha kumwokoa anayezama. Ana wajibu wa kupiga kelele, na wanaojua kuogelea wako hapo ufukweni.

Na jirani yangu alikuwa amepiga kelele. Nilikuja kujua baadaye kwamba siku ile getini aliipiga picha orodha. Ana nakala za mikataba yake yote, kwa mfuko wa plastiki. Ana tarehe. Anajua ni nani walisimama karibu wakati supavaiza alisema yale maneno. Kilichokosekana si ujasiri wake. Kwenye laini ile kulikuwa na watu waliosikia, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa na yeyote, hata na mimi niliyejifanya wakili.

Watu wa pande hizi wana sababu nyingine ya kuogopa kutajwa. Januari 2008, hapa Naivasha, watu walifukuzwa na wengine kuuawa kwa sababu ya majina yao. Wengi waliokimbia walikuwa wafanyakazi wa mashamba ya maua. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya uwiano na utangamano, tukapata na NCIC ya kupokea malalamiko ya ubaguzi wa kikabila. Tume tunazo. Lakini mtu aliyeona jina likigeuka hukumu mlangoni mwa jirani haandiki jina lake kwenye fomu kwa urahisi, hata kama fomu ni ya kumsaidia.

Pengine ndiyo maana kesi ninayoipenda kuliko zote haina jina. Mwaka 2013 mahakama ya kazi iliamua kesi ya mwanamke aliyeandikwa VMK tu, dhidi ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki. Alikuwa amewekwa kwa vibarua vya muda miaka na miaka kwa sababu ya hali yake ya HIV. Mahakama ilikubali kwamba alibaguliwa na kuagiza alipwe karibu shilingi milioni 7. Herufi tatu zilitosha kubeba haki hiyo. Mahakama ilielewa kitu ambacho mimi na uzi wangu hatukuelewa: kumficha mtu ni kazi, na haitoshi kuacha jina tu.

Au mchukue Lilly Ledbetter wa Alabama, Marekani. Alifanya kazi miaka 19 kwa kiwanda cha Goodyear, na karibu na kustaafu akapata karatasi isiyo na jina ikionyesha kwamba wanaume wa cheo chake walilipwa zaidi. Alishtaki. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya huko ikasema, kwa majaji 5 dhidi ya 4, kwamba alichelewa: siku 180 za kulalamika zilipita, ingawa siku zenyewe zilipita kabla hajajua. Mwaka 2009 Bunge lao likabadilisha sheria hiyo na kuipa jina lake. Yeye mwenyewe hakupata ile pesa.

Tunawashukuru watu kama hao. Na hapo ndipo nilipoona jibu. Mtu akilipa deni la duka hatumfanyii sherehe. Tunamshukuru aliyetoa zaidi ya alichodaiwa. Kama kushtaki kungekuwa deni la kila aliyeonewa, VMK na Ledbetter wangekuwa tu watu waliolipa bili kwa wakati. Walichotoa kilikuwa zawadi, na hakuna mtu mwenye haki ya kwenda kugonga mlango wa mwingine kudai zawadi.

Hiyo haimaanishi hakuna anayedaiwa. Deni lipo, ila liko kwetu, tuliokuwa na kidogo cha kupoteza. Katiba yenyewe iliwaza hivyo. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba ya mwingine asiyeweza kusimama mwenyewe, au kwa niaba ya kundi, au kwa manufaa ya umma. Na chama kinaweza kushtaki kwa ajili ya wanachama wake. Februari 2023, wanawake zaidi ya 70 waliofanya kazi kwenye mashamba ya chai Kericho waliiambia BBC kwamba wakubwa wao waliwadhulumu kingono. Mmoja angeitwa mwongo, au mtu mwenye matatizo yake. Sabini hawaitwi hivyo kwa urahisi.

Lakini kusema kwa niaba ya mtu kuna sharti moja, nami nililivunja: mwenyewe akubali. Bila hilo unamfanyia kile kile alichofanyiwa getini. Mtu mwingine anaamua juu ya maisha yake, halafu anamwambia ni kwa faida yake.

Mtoto alizaliwa mwezi wa saba, msichana. Niliomba msamaha mara mbili. Mara ya pili alikubali. Kabla ya kuandika makala hii nilimpelekea aisome. Alibadilisha mambo matatu ili asijulikane, akayachagua mwenyewe, na mimi sitawaambia ni yapi. Nimezungumza pia na watu wawili wa ile laini, wawili tu, na wamesema watafikiria. Kwa afisa wa leba muda uliisha zamani.

Jumapili iliyopita alikuwa anaanika nguo, mtoto mgongoni. Bila kugeuka akaniuliza, "Hiyo miaka mitatu, inahesabiwa kutoka lini?"

Nikamwambia, kutoka siku ya orodha. Akanyamaza, akahesabu kitu kwa vidole, akaendelea kuanika. Nilikuwa na mengi ya kusema. Nikachukua beseni la pili nikamsaidia kuanika.