Kukaa Matanga, Kushika Njia

Kutuliza majonzi kwa safari ndefu ni fikra kwamba mtu aliyefiwa anaweza kupata nafuu kwa kuondoka pale msiba ulipomkuta na kuishi njiani miezi mingi, hata miaka. Afrika Mashariki fikra hii inakwenda kinyume na desturi, kwa kuwa desturi ya msiba ni kukaa. Watu hukaa matanga. Ndugu hulala chini kwenye mikeka, majirani huleta unga na kuni, na mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi 4 na siku 10. Mfiwa hatakiwi kwenda popote. Njia ndiyo inayomjia, kwa miguu ya wale wanaofika kumpa mkono.

Lugha, hata hivyo, imeuweka msiba karibu sana na mwendo. Tanga ni kitambaa cha chombo kinachoshika upepo. Matanga ni siku za maombolezo. Kutanga ni kwenda huku na huko bila kituo. Iwe maneno haya yana shina moja au yamegongana kwa sauti tu, anayeyatamka hawezi kuyatenga kabisa. Aliyekufa ameaga dunia, au ametangulia, kana kwamba waliobaki nao wamo katika msafara huohuo ila wako nyuma. Na neno analopewa mfiwa mlangoni ndilo analopewa mtu aliyeshuka basi usiku baada ya kutwa nzima barabarani: pole. Pole na msiba, pole na safari. Jamii inayotumia neno moja kwa wawili hao imekwisha kutambua kwamba wote wametoka mahali wasipoweza kurudi wakiwa vilevile.

Kuna maneno mengine mawili ya kupambanua kabla ya kwenda mbali. Jeraha hupona, uchungu hupoa. Kilichopona kimekwisha, na mtu hubaki na kovu tu. Kilichopoa kingalipo, ila sasa kinashikika, kama chungu kilichoepuliwa jikoni. Wanaosifu safari kuwa dawa ya majonzi mara nyingi huahidi kupona, na hapo ndipo wanapokosea. Safari haina uwezo huo. Swali la haki ni kama inaweza kupoza, na kwa njia gani.

Pingamizi dhidi yake ni la zamani. Seneca, mwanafalsafa wa Roma, alimwandikia rafiki yake Lucilius kwamba abadilishe roho yake, si anga lililo juu yake, maana anayesafiri hujichukua mwenyewe kila aendako. Mabaharia wa pwani wamelisema hilo kwa ufupi zaidi: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mtu atatembea chomboni mbele na nyuma, mwisho atarudi palepale maji yanapojikusanya. Pingamizi hili lina nguvu, na ni kweli kwa safari ya namna moja, yaani ya kukimbia. Kuna namna nyingine.

Uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, umepitiwa na namna zote mbili katika muda usiofikia mwaka mmoja. Ni nchi ya nyasi na upepo iliyoinuka kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko kwenye mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni asubuhi watu huvaa makoti mazito. Anayeteremka ukingo wa uwanda huo kwenda bonde la Rukwa hushuka karibu mita 1,000, na kabla ya kufika chini koti limekwisha kuwa mzigo. Miguu hupata kazi, pumzi hupata kazi, na akili iliyokuwa ikizunguka jambo moja hulazimika kutazama jiwe la kukanyaga. Hiyo ndiyo nafuu ya kwanza ya mwendo, na ni ndogo, lakini mtu ambaye hajalala vizuri wiki mbili haidharau.

Oktoba 1872 mmisionari na mpelelezi David Livingstone alipita Ufipa akielekea kusini, akiwa mgonjwa. Mkewe, Mary, alikuwa amefariki Shupanga kando ya mto Zambezi tarehe 27 Aprili 1862, na baadaye mwanawe Robert akafia Marekani katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Baada ya kumzika mkewe aliandika katika shajara yake kwamba anatamani kufa. Haifai kusema kwamba alitembea miaka ile yote kwa sababu ya misiba hiyo, kwani alikuwa na kazi aliyoiamini: kutafuta chanzo cha mto Nile na kupinga biashara ya utumwa. Lakini mwandishi wa habari Stanley alipomkuta Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1871 na kumsihi arudi kwao, alikataa. Safari yake haikuwa na mahali pa kuishia. Kila mto ulimpeleka kwenye mto mwingine. Alifariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, tarehe 1 Mei 1873.

Waliobaki naye, akina Abdullah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright na wenzao, pamoja na wanawake kama Halima aliyekuwa mpishi wake, wangeweza kumzika hapo na kutawanyika. Susi alikuwa mwenyeji wa Shupanga. Chuma alikuwa Myao aliyeokolewa mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa mwaka 1861, akiwa mtoto. Kwa hiyo kupotelewa hakukuwa kitu kigeni kwake. Waliuzika moyo wa marehemu chini ya mti wa mpundu, Wainwright akasoma sala na kuchonga jina katika gome. Mwili waliutia chumvi, wakauanika juani wiki mbili, wakauviringisha katika gome la mti na kitambaa cha tanga, wakaufunga kwenye mti wa kubebea. Kisha wakashika njia.

Walizunguka kusini mwa Ziwa Tanganyika, wakapita mashariki yake katika nchi ya Ufipa ambayo miezi michache nyuma walikuwa wameipita naye akiwa hai. Hapa panastahili kusimama kidogo. Ni nadra matanga kukaliwa hivi, watu wakitembea wiki baada ya wiki na maiti mabegani. Baadhi yao walikufa njiani. Tabora walikutana na Luteni Cameron, Mwingereza, ambaye aliona afadhali mwili uzikwe huko, wakakataa. Mbele ya Tabora, kwa kuwa wenyeji hawakutaka maiti ipite katika nchi yao, walitengeneza maiti ya uongo kwa mabua ya mtama, wakaifunga sanda na kuirudisha nyuma kama inayokwenda kuzikwa. Mwili wa kweli wakaufunga upya uonekane mtumba wa nguo za biashara. Msiba ukapita mbele za watu umevaa sura ya bidhaa, na hilo wafiwa wengi wanalijua: mchana wanafanya kazi, wanasalimiana, wanauza na kununua, na ndani ya mtumba mna kitu kingine.

Pingamizi la Seneca halifiki kwa watu hawa, kwa sababu hawakuwa wakitafuta anga jipya. Hawakuuacha msiba nyuma, waliubeba. Uchungu usio na umbo humlemea mtu kwa sababu hajui aushike wapi. Ukipata umbo la mzigo, unakuwa na uzito unaojulikana, unaweza kupokezanwa bega kwa bega, na una mahali pa kutuliwa. Zaidi ya hayo, kila boma jipya linauliza habari. Mgeni hujibu anatoka wapi na anakwenda wapi, na mfiwa hawezi kulijibu swali hilo bila kumtaja marehemu. Anamtaja mara ya kwanza kwa kwikwi, mara ya ishirini kwa sauti ya kawaida. Kupoa ni huko, na ndiyo maana muda wa safari una uzito kuliko umbali: mtu aliyeruka kwa ndege kwa muda wa saa tisa hajaulizwa na yeyote.

Hapa ndipo safari inapoungana na kukaa matanga badala ya kushindana nako. Nyumbani watu huja kwa mfiwa mmoja mmoja, naye hurudia habari ya kifo kwa kila anayeingia. Njiani yeye ndiye anayeingia kwa watu. Kinachofanya kazi ni kilekile, kusimulia mbele ya anayesema pole, na safari isiyo na watu wa namna hiyo, iwe ndefu kiasi gani, ni kutanga tu.

Miji miwili ya Tanzania imebeba wazo la kutua mzigo katika majina yake. Sumbawanga, kama wenyeji wanavyoeleza, ni agizo kwa Kifipa kwa anayeingia: tupa uchawi wako. Bagamoyo hufasiriwa kuwa bwaga moyo, mahali mpagazi aliposhusha mzigo. Jina la kwanza linadai mtu aache kitu mlangoni kabla ya kupokelewa. La pili linamruhusu kutua alichokileta. Mfiwa anahitaji mji wa pili zaidi, lakini haufikii ila kwa kupita mingi ya namna ya kwanza, akiacha katika kila mmoja kitu kidogo: hasira, lawama, swali la kwa nini.

Kutua nako kuna uchungu wake. Msafara ulifika Bagamoyo Februari 1874, mwili ukachukuliwa na wakubwa, wabebaji wakalipwa ujira na kuagwa. Livingstone alizikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874, na kati ya waliombeba ni Wainwright peke yake aliyekuwapo. Susi na Chuma walifika Uingereza baada ya mazishi. Waliokaa matanga marefu kuliko wote hawakuwapo yalipoanuliwa, na hilo lilikuwa dhuluma.

Chuma alirudi kwenye njia. Mwaka 1880, akiwa mnyapara mkuu wa msafara wa mpelelezi Joseph Thomson, alipita tena Ufipa, safari hii bila maiti. Alifariki Unguja mwaka 1882.