TAWAKULI YA MSAFIRI NA HAKI ZA WENZIWE

Amma baad. Kila mwaka zikaribiapo siku za Hija husikika katika mabaraza ya miji ya pwani neno hili: kwamba mtu aliyekusudia Nyumba ya Mwenyezi Mungu hana haja ya kujitaabisha kwa vyeti na sindano na mikataba ya bima, kwani ajali ya mtu imekwisha andikwa, na Aliyemwita ndiye atakayemfikisha. Neno hili lina sura ya dini, na mwenye kulisema huonekana mbele ya watu kuwa ana yakini kuwapita wenziwe. Kwa sababu hiyo yapasa lipimwe kwa mizani ya sharia, lisiachwe likapita kama mazungumzo ya kahawa.

Amepokea Imamu Bukhari kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba walikuwako watu wa Yaman wakienda kuhiji pasi na kuchukua masurufu ya njiani, na wakisema kwamba wao ndio wenye kutawakali. Walipofika Makka waliwaomba watu. Ndipo ilipoteremka ile aya ya Suratul Baqara, aya ya 197, inayowaamrisha mahujaji kuchukua zawadi ya safari na kuwakumbusha kwamba zawadi iliyo bora ni ucha Mungu. Basi na atazame mwenye akili kosa la watu wale lilikuwa wapi. Walidai kumtegemea Mungu, na hali walichokitegemea ni mifuko ya mahujaji wengine. Kila mmoja wao alikuwa amekwisha hesabu, ajue asijue, kwamba huko mbele yuko mtu aliyefunga tende na unga katika mzigo wake, na kwamba mtu huyo ataona haya kumnyima. Hii ndiyo iliyoitwa tawakuli! Na jambo hili halikukoma kwa watu wa Yaman. Mtu hupanda ndege hana dawa zake, hana nakala ya pasipoti yake, wala hajui jina la maradhi yake, na moyoni mwake amekwisha mweka mwenzake wa chumba awe tabibu wake, karani wake na mfuko wake.

Ama Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka wa 505 wa Hijra (1111), naye ni katika wakubwa wa madhehebu ya Shafi'i, amelifafanua suala hili katika kitabu chake cha Ihya kwa ufafanuzi usioacha shaka. Amezigawanya sababu katika mafungu matatu: sababu za yakini, sababu za dhana yenye nguvu, na sababu za wahamu tu. Mwenye njaa aliyewekewa chakula mbele yake, akakataa kunyosha mkono akisema kwamba anatawakali, huyo kwa Ghazali ana wazimu, wala hana fungu katika tawakuli. Kisha akamtaja Ibrahim al-Khawwas, mtu aliyekuwa mkali mno katika tawakuli hata akiingia majangwani peke yake. Pamoja na ukali wake huo, vitu vinne havikumtoka: sindano, mkasi, kamba, na chombo cha maji cha ngozi. Sababu yake ni kwamba maji ya jangwani hayako juu ya ardhi, na Mungu hakuweka ada ya maji kupanda kisimani bila ya kamba. Na nguo ikichanika, uchi wa mtu utaonekana naye hana cha kuushonea, na sala yake itaharibika. Basi yule aliyekuwa radhi kufa kwa njaa hakuwa radhi kuikosa sindano, kwa kuwa sindano ilifungamana na haki isiyokuwa yake peke yake.

Kwa mizani hiyo, pasipoti na viza ni katika fungu la kwanza. Ada ya ulimwengu wa leo ni kwamba hapana apitaye mpaka bila ya hivyo, kama vile hapana maji bila ya kamba. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita mbele. Jina liandikwe namna moja katika kila cheti, maana mtu wa pwani mara huwa Muhammad na mara Mohamed, na babu huandikwa hapa akaachwa pale, na karani wa kiwanja cha ndege hana elimu ya nasaba. Nakala moja ibaki nyumbani kwa mke au mwana mkubwa, pamoja na wasia ulioandikwa na hesabu ya madeni. Hayo Imamu Nawawi ameyahimiza katika adabu za msafiri wa Hija kabla hakujakuwa na pasipoti duniani.

Viza ni zaidi ya karatasi: ni mapatano. Mwenye kuingia nchi ya watu kwa viza ya matembezi hali nia yake ni kuhiji, na wenye nchi wamemwambia kwamba viza hiyo haifai kwa Hija, ameanza ibada yake kwa kuvunja ahadi, na aya ya kwanza ya Suratul Maida yaamrisha ahadi zitimizwe. Tena kuna yaliyo mazito kuliko hayo. Katika Hija ya mwaka wa 2024 (1445) joto katika Msikiti Mtukufu wa Makka lilifika daraja 51.8, na serikali ya Saudia ikatangaza kwamba waliofariki ni watu 1,301. Katika kila mia moja ya hao, 83 hawakuwa na idhini ya kuhiji. Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Jua halimuulizi mtu cheti chake. Lakini asiyekuwa na idhini hana hema Mina, wala hana nafasi katika magari, na wengi wao walikwenda masafa marefu kwa miguu juani pasi na kivuli. Serikali ya Misri ikazifutia leseni kampuni 16 za safari zilizowapeleka watu kwa njia hiyo.

Hapa lawama isitupwe kwa masikini. Mzee aliyeweka akiba miaka ishirini, kisha akaambiwa na wakala kwamba iko njia ya bei nafuu, hakika ametamani kheri. Lakini wakala aliyemuuzia alijua. Kiongozi wa msafara ni amiri wake, na Mtume (s.a.w.) ameamrisha watu watatu wakitoka safarini wamfanye mmoja wao kuwa amiri, basi itakuwaje kwa aliyewachukua watu mia? Ni juu yake kuwaeleza viza waliyopewa ni ya namna gani, wamelipia hema gani, na nani atakayekuwa nao Arafa. Akinyamaza ili biashara yake isipotee, fedha aliyoipokea ni ya hadaa. Na yule mzee alikuwa na hoja ambayo hapana aliyemfundisha: asiyeweza gharama za njia ya halali hana uwezo uliotajwa katika Surat Al Imran, aya ya 97, na Hija bado haijampasa. Angekufa kitandani kwake asingekuwa na deni.

Sasa yaje yaliyo khasa ya mwili. Huenda msemaji wa barazani akashika kitabu hicho hicho cha Ghazali akasema: dawa ni katika sababu za dhana, na Ghazali mwenyewe amewataja watu wema walioacha kujitibu, wala hawakulaumiwa, basi kwa nini mtu alazimishwe chanjo? Hoja hii ina nguvu, na haifai kudharauliwa. Jawabu yake ni kwamba aliyeacha dawa ya maradhi yake ameyavumilia maradhi katika mwili wake mwenyewe. Ama chanjo ya msafiri ni jambo la miili ya watu wengine, na Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kumdhuru mwenzake.

Ushahidi wa hayo uko katika tarikh ya Hija yenyewe. Mwaka wa 1865 kipindupindu kiliingia Makka pamoja na mahujaji, na waliokufa wakakadiriwa kufika 15,000. Kutoka hapo kikachukuliwa na merikebu hata Misri na Ulaya, na mwaka wa pili yake mataifa yakakutana Istanbul kutafuta namna ya kukizuia. Mwaka wa 1987 ulizuka mripuko wa homa ya uti wa mgongo baina ya mahujaji, na baada yake serikali ya Saudia ikafanya chanjo ya maradhi hayo kuwa sharti. Mwaka wa 2000 homa hiyo ilirudi kwa aina nyingine, ambayo chanjo ya wakati ule haikuizuia, na katika mambo yaliyoonekana Ulaya mwaka huo ni kwamba miongoni mwa waliouguwa walikuwamo watu ambao hawakwenda Makka kabisa: ni jamaa za mahujaji, waliokaa majumbani wakiwangoja. Haji aweza kuchukua vijidudu vya maradhi haya kooni mwake, naye mzima hana hata homa, akamkumbatia mtoto wake mlangoni. Kisha chanjo ikabadilishwa ili ikinge aina nne.

Na huyo anayetaja ajali na akumbuke safari ya Sayyidna Umar (r.a.) kwenda Sham wakati wa tauni ya Amwas, katika mwaka wa 17 au wa 18 wa Hijra. Alipofika Sargh akapata khabari ya tauni, akashauriana na masahaba, akaazimia kurudi na watu wake. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akamjibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Umar hakuwa peke yake siku ile. Nyuma yake walikuwako watu, na dhamana yao ilikuwa shingoni mwake.

Kwa hivyo chanjo ya uti wa mgongo ichomwe si chini ya siku kumi kabla ya kufika, na atokaye Kenya awe pia na cheti cha homa ya manjano, ambacho hakianzi kufaa ila baada ya siku kumi za sindano; na tangu mwaka wa 2016 sindano hiyo moja hutosha umri wote. Wako wanaonunua cheti bila ya sindano, kwa kuogopa maumivu ya dakika moja au kwa uvivu wa kupanga safu hospitali. Cheti hicho ni ushahidi wa uwongo, nao umo katika madhambi makubwa. Mtu kama huyo avua nguo zake Mikati, avaa ihramu nyeupe, na katika mkoba ulio kiunoni mwake mna uwongo uliopigwa muhuri.

Ama bima, mlango wake ni mwingine. Mwenye kuikataa kwa kuwa yapingana na tawakuli hana hoja, maana kuweka akiba ya siku ya msiba si kushindana na kadari. Lakini mwenye kuikataa kwa ajili ya mkataba wake, kwa kuwa ndani yake mna gharari na huenda mkawa na riba, huyo asema maneno ya wanavyuoni. Ibn Abidin, mwanachuoni wa Kihanafi aliyefariki mwaka wa 1836, aliijadili bima ya merikebu katika zama zake akaikataa, na Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jedda mwaka wa 1985 lilikata kwamba bima ya biashara ni haramu, na kwamba badala yake ni bima ya kusaidiana, ambayo watu huchanga kwa kutoleana. Basi mwenye khiyari na atafute hiyo ya kusaidiana. Ama ile iliyotiwa ndani ya ada ya viza, ambayo haji hana njia ya kuiepuka, dhambi yake haimwandami aliyelazimishwa. Wala watu wa pwani wasistaajabu kudaiwa bima ugenini, kwani Zanzibar nayo ilianza tarehe 1 Oktoba 2024 kumtoza mgeni atokaye nje bima ya dola 44.

Lakini ajue kila mwenye bima, ya namna yoyote, kwamba mkataba umejengwa juu ya ukweli wake. Mwenye moyo uliodhoofu au figo zilizoshindwa, akaandika katika fomu kwamba ni mzima, amewaghushi waliomkubali. Na aangukapo Mina watakaombeba ni wenziwe walioacha ibada zao. Aliye na sukari au shindikizo la damu, lakini tabibu amemruhusu, na achukue dawa za siku zote na za siku kumi zaidi, katika mkoba wa mkononi na ndani ya maboksi yake, pamoja na barua ya tabibu, kwani dawa kali za maumivu huzuiwa Saudia zisipokuwa na idhini. Na amwambie kiongozi wake na mwenzake wa chumba maradhi yake. Kuficha hapa si subira.

Na aliyekatazwa na tabibu asidhani kwamba mlango umefungwa mbele yake. Mwanamke wa kabila la Khath'am alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya baba yake mzee asiyeweza kukaa juu ya mnyama, naye akamruhusu kumhijia. Katika madhehebu ya Shafi'i, mtu ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupona, naye ana mali, Hija humpasa kwa naibu. Naibu huyo awe amekwisha kujihijia mwenyewe, awe mwaminifu, na ujira wake uandikwe mbele ya mashahidi wawili kabla hajapanda ndege.